Unataka kusafiri likizo na una paka au mbwa nyumbani? Mwongozo kamili kwa sisi akina mama wa umri mkubwa

Kila tukianza kupanga likizo, sisi mashoga tuliozeeka pamoja, kuna mmoja lazima atanyamaza. Wenzake wanataja bahari, wanataja wajukuu, wanataja kupumzika wiki mbili bila kupika, yeye anaangalia chini alafu anasema "nyie nendeni tu, mi mbwa wangu nitamwachia nani". Nimelisikia hilo mara nyingi na mimi mwenyewe nimelisema miaka minne mfululizo. Leo nataka niandike yote ninayoyajua kuhusu kusafiri bila kumtesa mnyama na bila kujitesa wewe, maana watoto wameshaondoka, wengine wetu tumeshafiwa na waume, yule paka ndo anaekuamsha asubuhi na ndo wa mwisho kuongea nae usiku, si jambo dogo hata kidogo.

Watu wengi wanaanza na tiketi. Wanakata tiketi, wanapanga mabegi, alafu wiki moja kabla ndo wanatafuta wa kumwachia mnyama, yeyote atakaepatikana. Mi nasema geuza, anza na mtu. Na mtu mwenyewe ni yule ambae tayari anaijua siku ya mnyama wako kwasababu mnaongea kila siku, zile stori zetu ndogondogo za "leo kanilalia kwenye kapu la nguo safi", "leo kagoma kula mpaka nimemkalia karibu", "leo kamfukuza mjusi nyumba nzima". Vijana wanadhani ni porojo za wazee. Mwenzio anaezisikia miaka yote anamjua mnyama wako kuliko mtu wa kulipwa alieonyeshwa jana tu chakula kinakaa wapi.

Najua hili kwa Kidoti, paka wangu dume. Nilikuwa safarini siku ya tatu, shoga yangu akanipigia saa nne asubuhi, sauti imembadilika, akasema "dada, huyu kaingia kwenye mchanga wake wa choo mara sita tangu nimefika na mchanga mkavu, anachuchumaa tu, analia". Alishtuka mara moja kwasababu kwa miaka nilikuwa namlalamikia kwamba Kidoti anakojoa asubuhi na jioni na kila mara ananiachia donge kubwa la kuchota. Hakungoja nimjibu sana, akamtia kwenye kapu la kubebea akampeleka kwa daktari wa mifugo. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Paka dume akiziba hivo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa na moyo unafuata. Mgeni angeona paka anaenda enda kwenye mchanga angedhani tumbo linamsumbua, angesema tumwangalie mpaka kesho. Kidoti alizibuliwa, akalala huko siku tatu, na yupo mpaka leo hapa pembeni yangu.

Basi tuanze.

Hatua ya kwanza: mtafute mtu kabla ya tarehe

Miezi miwili kabla si mapema mno. Muulize waziwazi na umpe nafasi ya kukataa bila aibu, maana kuna shoga anakupenda sana lakini anaogopa mbwa, na akikukubalia kwa haya mtateseka wote watatu. Angalia na mwili wake pia, tusifichane, sisi sio wasichana. Mbwa wa kilo 30 akimwona paka njiani anavuta, na mwenye goti bovu au mifupa iliyopungua anguko moja linaweza kumvunja nyonga. Kama mbwa wako anavuta mtafutie mkanda wa kifuani ule wenye pete mbele, kamba ikifungwa pale akivuta anageuka upande badala ya kukuburuta, au mtafute kijana wa kumtembeza asubuhi na jioni wakati mwenzio anabaki na kumlisha na kumpa kampani.

Na awepo mtu wa pili. Wa kwanza anaweza kupandwa presha, kupata msiba, kuitwa na mtoto wake ghafla. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili, na kila mmoja ajue namba ya mwenzie.

Hatua ya pili: anabaki, anahama, au mnaenda nae

Paka abaki nyumbani, hapo sina mjadala mrefu. Paka anashika nyumba, harufu yake ipo kwenye kila kona, ukimhamishia kwa mtu anaweza kujificha chini ya kitanda siku nzima na asile, au mlango ukiachwa wazi dakika moja anatoroka kutafuta kwao. Mwenzio aje mara mbili kwa siku, na kila akija akae angalau nusu saa, sio kumwaga chakula na kuondoka. Paka asiekula ni hatari kuliko watu wanavodhani, hasa paka mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula ini linajaa mafuta na anaweza kufa. Kwaiyo sheria yetu ni kwamba akipitisha masaa 24 hajagusa chakula daktari anapigiwa.

Mbwa ni kinyume. Mbwa anashika watu, upweke unamuumiza kuliko kuhama, kwaiyo aende kwa mwenzio au mwenzio aje kulala kwako. Kasuku na ndege wengine hamisha tundu zima kama lilivyo na vitu vyake vyote, usimpe tundu jipya wakati huohuo anapata nyumba mpya na sura mpya.

Kwenda nae inawezekana kwa gari, akiwa kwenye kapu au amefungwa mkanda, mkisimama kila masaa mawili anywe na ajisaidie, na usimwache kwenye gari lililofungwa hata unapoingia chooni tu. Joto ndani ya gari linapanda kwa dakika, hata vioo ukivishusha kidogo havisaidii. Ndege ni habari nyingine. Kuvuka mpaka nchi nyingi zinataka chipu ya kumtambulisha yenye tarakimu 15 chini ya ngozi, iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku hiyohiyo, alafu chanjo ya kwanza ikishachomwa zipite siku 21 ndo aruhusiwe kusafiri. Nyingine zinaongeza kipimo cha damu na kungoja miezi. Ukikosea mpangilio, chanjo kabla ya chipu, unaweza kuambiwa uanze upya, kwaiyo uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla hujalipa chochote. Na usimpe dawa ya usingizi ili atulie kwenye ndege, madaktari wengi wanakataza kwasababu inashusha presha na kupunguza pumzi huko juu ambako hakuna wa kumwangalia. Mbwa na paka wa pua fupi ndo kabisa, hao kupumua kwenyewe ni kazi.

Mi kwa mnyama mzee nasema wazi, muache nyumbani. Ukimchukua ni kwa ajili yako, sio yake.

Hatua ya tatu: daftari la siku yake

Hii ndo roho ya mwongozo wote na ndo sehemu watu wanaifanya kwa mistari mitatu. "Chakula mara mbili, maji, asante." Hapana. Kaa siku nzima na kalamu umfuate, uandike anachofanya na saa yake, usiandike unavyodhani anafanya. Nilipofanya mara ya kwanza niligundua vitu ambavyo sikuwa navijua mimi mwenye paka.

Ukurasa wa Kidoti unasomeka hivi: Saa kumi na mbili na nusu asubuhi analia mlangoni mwa chumba, mara tatu, akinyamaza ujue kakata tamaa sio kwamba kashiba. Anakula nusu ya chakula, anaondoka, anarudi baada ya robo saa anamaliza, usimwondolee bakuli. Maji anakunywa kwenye bakuli la jikoni tu, la sebuleni anachovya mguu. Mkojo mara mbili, kinyesi mara moja baada ya kula asubuhi, kigumu cha rangi ya udongo. Saa tano mpaka saa tisa amelala juu ya kabati, usimtafute, paka kulala masaa 12 mpaka 16 kwa siku ni kawaida. Ukimshika tumbo anang'ata, mpapase kichwani. Akiogopa anaenda nyuma ya mashine ya kufulia upande wa kushoto, muache atoke mwenyewe.

Unaona? Mtu akisoma hivo akamkuta saa tano yuko nyuma ya mashine badala ya juu ya kabati anajua kuna kitu. Mnyama hasemi, lugha yake ni kuvunja mazoea.

Kwa mbwa ongeza njia anayopita, mbwa gani wa mtaani hawaelewani, neno unalotumia kumwita (mwenzio akisema "njoo" na wewe siku zote unasema "haya twende" mbwa hataelewa), na kama ana ugonjwa wa moyo fundisha kuhesabu pumzi akiwa amelala usingizi, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, kwa dakika nzima. Zikivuka 30 na zikabaki juu, daktari. Andika na anavotaka kusuguliwa, sijui kwanini watu hawaandiki raha za mnyama wanaandika magonjwa tu.

Dawa ziwe na ukurasa wake peke yake kwa herufi kubwa, macho yetu tunayajua. Jina, kiasi, saa, kabla ya chakula au baada, na ukishindwa kumpa ufanye nini. Kama anachomwa insulini iwe kila masaa 12, saa moja asubuhi na saa moja usiku, anakula kwanza, na kama kagoma kula au katapika usimchome kwa mazoea, piga simu kwa daktari kwanza, maana sukari ikishuka mno inaua haraka kuliko ikipanda.

Chakula acha cha kutosha safari nzima na siku tano zaidi. Kikiisha mwenzio atanunua aina nyingine, na kubadilisha ghafla kunaleta kuhara. Ukitaka kubadilisha inatakiwa siku saba, unachanganya kidogo kidogo.

Hatua ya nne: usiku mmoja wa majaribio

Wiki tatu kabla, nenda ukalale kwa dada yako au kwa mtoto, usiku mmoja tu, muachie mwenzio afanye kila kitu kwa daftari. Usipige simu. Kesho yake mkae mpitie wapi alikwama. Kwetu iligundulika kwamba mlango wa nyuma unahitaji kusukumwa kwa bega ndo ufunguo uzunguke, miaka yote mi nafanya bila kufikiri, shoga yangu alikaa nje dakika 20 huku anamsikia Kidoti analia ndani. Vitu kama hivo hutavikumbuka ukiwa umekaa mezani unaandika.

Hatua ya tano: daktari, pesa, na lile swali zito

Mpeleke mnyama kwa daktari wiki mbili au tatu kabla, chanjo ziangaliwe, na mzee apimwe damu na mkojo ili usiondoke na ugonjwa uliojificha. Uache barua pale yenye jina la mwenzio, kwamba anaruhusiwa kumleta na kukubali matibabu, na kiasi cha pesa ambacho asikuulize. Pesa yenyewe umwachie mkononi au kwenye simu, isiwe "nitakurudishia", mwenzio anaweza kuwa hana siku hiyo na akaona haya kusema, akachelewa.

Alafu swali zito. Kama mnyama ni mzee sana akazidiwa na wewe hupatikani, daktari akasema anateseka na hakuna la kufanya, nani anaamua? Jamani lisemeni hili mkiwa mmekaa pamoja mnakunywa chai, msilisubiri simu ya usiku. Mimi niliandika kwamba akiwa na maumivu yasiyotulizika shoga yangu aamue, na kwamba sitamlaumu kamwe, na nikamsomea kwa sauti. Alilia na mimi nikalia. Lakini aliniambia baadae kwamba ile karatasi ndo iliyomfanya akubali kazi, kilichokuwa kinamtisha ni kubeba kifo cha paka wangu peke yake.

Na geuza upande wa pili, je ikiwa ni wewe? Umeanguka huko, umelazwa mwezi mzima, au hukurudi. Weka kwenye pochi kikaratasi kinachosema "nina mnyama nyumbani" na namba mbili za simu. Na watoto wako waambie kwa mdomo mnyama anaenda kwa nani.

Hatua ya sita: nyumba

Pitia nyumba kama unapitia kwa ajili ya mtoto anaetambaa. Vidonge vyetu ndo adui mkubwa, maana sisi tunavyo vingi na tunaviacha mezani. Paracetamol kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofen zinaharibu tumbo na figo za mbwa na paka wote. Kwaiyo mwambie mwenzio asimpe "kanusu tu" akimwona anachechemea, huruma kama hiyo imeshaua wengi. Mbwa asipewe chokoleti, vitunguu, kitunguu saumu, zabibu mbichi au kavu, wala pipi zisizo na sukari zenye zailitoli. Ua la lili lisiingie kabisa nyumba yenye paka, hata unga wake ukimdondokea akajilamba, hata maji ya chombo, figo zinakufa. Shoga mwingine akija na maua kwa wema tu anaweza kuua bila kujua, kwaiyo liandike mlangoni. Nyumba yenye ndege msiache kikaango kisichoshika chakula (nonstick) kiungue jikoni, moshi wake unaua ndege ndani ya dakika, na parachichi ni sumu kwao.

Kwa usalama wa mwenzio: taa ya usiku kwenye korido, maana wengi wetu tumejikwaa kwa paka gizani, beseni la mchanga liinuliwe mahali ambapo hahitaji kuinama sana, na mfuko mkubwa wa chakula mgawie kwenye makopo madogo asinyanyue kilo 15. Mchanga uchotwe kila siku, vile vijidudu vya toksoplazma vinavyoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka vinahitaji siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, ukichota kila siku unakuwa umevitangulia. Avae glavu, anawe.

Siku ya kuondoka acha nguo uliyoivaa bila kufua pale anapolala. Na muage kifupi, ukimkumbatia nusu saa unamwachia wasiwasi wako.

Wewe nae

Sisi tunaandika kurasa sita za paka alafu tunasahau dawa zetu za presha. Dawa zako zote zikae kwenye begi la mkononi, za siku zote na wiki moja zaidi, insulini hasa isiende na mizigo ya chini kwenye ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Safari ya kukaa zaidi ya masaa manne, iwe ndege, basi au treni, inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwaiyo amka utembee, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikakata ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, usijisugue mafuta ukangoja.

Ukiwa huko

Kubalianeni ujumbe mmoja kwa siku, saa moja maalum, wenye mambo manne: kala, kanywa, kajisaidia, na picha. Kama hakuna ujumbe mpaka saa mbili usiku unampigia mtu wa pili. Usimpigie mwenzio mara tano kwa siku, anakusaidia, sio mtumishi, na kila ukipiga unamwambia humwamini. Video nzuri lakini usimwite mnyama kwa jina kwenye simu, mbwa wengine wanakutafuta nyumba nzima baada ya hapo na wanakosa usingizi.

Na furahia jamani. Mwaka ule wa Kidoti nilitaka kurudi siku ileile, shoga yangu akanikataza, akasema daktari kasema yuko salama, ukija utamtazama tu kwenye kizimba, kaa na wajukuu. Nilikaa. Nikawa namtumia picha za bahari na yeye ananitumia picha za Kidoti na bomba lake mguuni, ndo likizo ilivyokuwa.

Kurudi

Paka anaweza kukunyima uso siku mbili, usimbembeleze, kaa sakafuni usome kitu chako atakuja. Mbwa atafurahi mpaka ajikojolee kidogo, usimgombeze. Mpime uzito wiki ya kwanza, paka akipungua nusu kilo ni nyingi, muone daktari. Kaa na mwenzio mpitie daftari tena, alichoongeza yeye kwa mwandiko wake kibakie humo humo. Langu sasa lina kurasa nyingi za mwandiko wake kuliko wangu, kuna moja kaandika "anapenda nikimsomea gazeti", mi sikuwahi kumsomea gazeti, sasa namsomea.

Na zamu ikigeuka uikubali bila kungoja uombwe. Shoga yangu anasafiri mwezi ujao, wiki mbili, na kasuku wake anakuja kwangu na tundu lake. Jana kaniletea daftari, ukurasa wa kwanza umeandikwa: kitambaa cha kijani juu ya tundu saa moja usiku, umwambie "lala mama", asipojibu mara ya kwanza rudia kwa sauti ya chini, atajibu. Kidoti chumba kingine, mlango umefungwa, nimeshamwambia fundi aje Jumanne aangalie kitasa.